Wembe Unapumzika, Mimi Nachelewa Kazini

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hawakusema ni nani atakayeutunza. Mimi niliulilia nikiwa na miaka 44, na mjomba wangu, baharia mstaafu, akanipa: wembe wa kukunja, mpini wa pembe, na karibu na kiungo chake limechongwa jina la Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Akaniongezea ukanda wake: upande ngozi, upande turubai, na kulabu ya kuning'inizia. Alichosahau kunipa ni muda.

Kwa vijana ambao wembe wanaoujua ni kile kipande kinyozi anachokivunja mbele yako ili uone ni kipya, niseme kidogo. Wembe huu hautupwi. Makali yake ni membamba mno, yakikutana na ndevu yanapindapinda bila wewe kuona. Ukanda unayanyoosha. Kunoa hasa ni kazi ya jiwe, nayo huja baada ya miezi. Ukanda ni wa kila unyoaji. Unatanguliza mgongo, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuubiringisha juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali, kisha unarudi. Mara 20 kwenye turubai, mara 50 kwenye ngozi. Mkono mwepesi, ukanda umekazwa, maana ukilegea makali yanaviringika, na hapo afadhali unyoe kwa kijiko.

Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni lini.

Mjomba anasema kabla ya kunyoa, na kwake mjadala umefungwa. Lakini mtaani kwetu hapa Tanga yupo mzee aliyekuwa kinyozi enzi hizo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye kidevu changu.

"Mwanangu, unaulaza wembe na njaa?" akaniuliza. "Ukimaliza kunyoa ndiyo uupitishe ukandani, ulale mkali."

Nikaufuata ushauri. Usiku nikanyoa, nikaupitisha wembe ukandani ukiwa bado na majimaji ya sabuni, nikaukunja na kuuacha bafuni. Na hewa yetu hii ya pwani, hata chumvi kwenye kikopo inalia. Asubuhi nikakuta doa la kutu dogo kama punje ya ulezi, tena pale pale kwenye makali. Chuma cha nyembe hizi za zamani hakina urafiki na unyevu. Na ngozi ya ukanda, ilipokwisha kunywa sabuni, ilikauka ikakunjamana kama paji la uso la mwenye nyumba tarehe tano ya mwezi.

Mwenzangu wa ofisini, ambaye kila kitu amekisoma kwenye simu, akanicheka. Kumbe inatakiwa kabla, na baada, na katikati pia, ukishamaliza mkupuo wa kwanza wa kunyoa. Nilijaribu katikati mara moja tu. Vidole vina povu, wembe umeteleza, ukanda wa mjomba sasa una mdomo. Hausemi, lakini kila nikipita naona unataka kusema.

Halafu kuna wale wa kupumzika. Hawa wanashikilia kwamba wembe ukinyoa leo uachwe siku mbili, makali yajirudi yenyewe. Najua chanzo cha maneno haya: zamani huko Ulaya wenye nafasi walikuwa na kasha la nyembe saba, kila mmoja umechongwa jina la siku yake mgongoni. Ukiwa nazo saba, wa Jumatatu unaweza kuupa likizo wiki nzima. Mimi ninao mmoja. Unafanya kazi kama kondakta wa daladala, na sijaona chuma kinachojua Jumapili ni lini. Nijuavyo, faida kubwa ya huko kupumzika ni kwamba wembe unakauka.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1895 Mmarekani King Camp Gillette alikuwa akijinyoa kwa wembe uliochoka, ambao ukanda haukuweza tena kuufufua, ndipo likamjia wazo la wembe mwembamba wa kutumia na kutupa. Hataza yake ikatoka mwaka 1904. Wengi wanaona pale akili ya biashara. Mimi naona mtu aliyechoka kuchelewa kazini.

Maana hesabu yangu ni hii. Naamka saa 11 na nusu. Kulabu nilikuwa naining'iniza kwenye kitasa cha mlango wa bafu, mahali pekee penye chuma imara bafuni kwetu. Juzi nimefika mara ya 38 kwenye ngozi, mkono umekolea, wembe unatoa ule mlio wake wa fyaa, fyaa. Mwanangu akasukuma mlango anatafuta mswaki. Ukanda ukalegea, wembe ukauma ngozi, ukapata mdomo wa pili.

Mama Zuhura alikuwa nyuma yake na kanga begani.

"Baba Zuhura," akasema kwa upole unaouma kuliko matusi, "kinyozi hajinyoi. Saluni ipo hapo kona."

Sikujibu. Nilianza kuhesabu upya kutoka moja.

Basi nimeamua, na gharama ya uamuzi nimeilipa kwa kidevu. Ukandani ni kabla ya kunyoa, wembe mkavu, ngozi kavu. Ukimaliza, suuza, futa, upitishe mara chache kwenye turubai tu kuondoa unyevu, kisha uutoe bafuni. Katikati usiguse kitu. Mzee wa mtaani nitaendelea kumpa shikamoo yake, lakini kutoka mbali.

Kulabu nimeihamishia kwenye nondo ya dirisha linalotazama barabara, huko hakuna wa kusukuma mlango. Kwa hiyo majirani, mkiniona saa 12 kasoro asubuhi nimesimama dirishani kifua wazi, wembe mkononi, midomo inahesabu, tafadhali msimwite mjumbe. Sijafika hata 50.