Mpole Hadi Ashike Usukani

Kuna baba wa Kimara ambaye nyumbani hata mende haui. Mkute Barabara ya Morogoro: honi inalia kabla taa haijawaka kijani, bodaboda anatukanwa yeye na ukoo wake, na ole wake atakayemchomekea. Dereva mwenzake, mashallah, ni mtaratibu. Ila macho yamo kwenye simu, anajibu kikundi cha harusi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde 3 za kusoma ujumbe ni mita 40 na ushei za kuendesha kipofu. Naye hujisifu kwamba barabarani hakasiriki. Atakasirikia nini, na hajaona kitu? Wanakamati, mchango wake mdaini akishapaki.