Jinsi ya Kuandika Memwari Kuhusu Unene wa Watu wa Makiso

Kama umefika mwaka wa mwisho wa chuo na mada zote nzuri zimeshachukuliwa na walioamka mapema, usikate tamaa. Uzito wa watu wazima bado upo, na Makiso, komini ya Kisangani, ndiko mahali pake: soko kuu lipo, ofisi zipo, benki zipo, kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire liko pale ukingoni mwa mto, na watu wa kila umbo wanapita kutwa nzima. Wewe tafuta mizani tu.

Kabla ya mizani, punguza ahadi. Usimwambie profesa kwamba utaeleza kinachowanenepesha watu wa Makiso. Mwambie utaorodhesha sifa za mwili na tabia zinazokwenda pamoja na unene wao. Ahadi ya kwanza itakuweka chuoni hadi uote mvi. Ya pili unaimaliza mwaka huuhuu, maana katika komini hii karibu kila kitu kinakwenda pamoja na unene: kuwa na kiti ofisini, kuwa na friji, kuolewa, kuimba sauti ya chini kwenye kwaya. Tena wanatakwimu wamezoea kukubali kudanganywa na bahati mara 1 katika kila majaribio 20. Wewe leta sifa 40, upate mbili za bure.

Sasa chukua hesabu. Mwanzilishi wake ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa Ghent, mtaalamu wa nyota, ambaye katika miaka ya 1830 aliona kwamba kwa watu wazima uzito hupanda takriban kwa kadiri ya urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Hakuwa akiwinda wanene. Alikuwa akimtafuta binadamu wa wastani. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake walikifufua kipimo chake, na baadaye Shirika la Afya Duniani likakiwekea mipaka: chini ya 18.5 umekonda, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Gawanya kilo kwa mita, gawanya tena kwa mita zilezile, basi. Ni miongoni mwa mambo machache ya Kibelgiji yaliyofika kwenye mto huu bila kudai mpira. Kasoro yake ni kwamba haitofautishi msuli na mafuta, kwa hiyo mvuvi wa Wagenia aliyejaa mabega kwa kuvuta mitego kwenye maporomoko anaweza kuandikwa safu moja na karani aliyejaa tumbo kwa kuvuta kiti.

Mizani ya kuazima ishuku. Iweke kwenye saruji iliyonyooka, wala si kwenye mchanga wa uani, kisha ipandishie bidoni ya njano yenye lita 20 za maji. Maji hayo ni kilo 20. Bidoni tupu ipime peke yake uitoe. Ila angalia umeazima bidoni ya nani. Ukileta ya muuza mawese, lita 20 za mawese ni kilo 18 na kidogo tu. Utadhani mizani inaiba, utaisahihisha, na kesho yake mtu wa kilo 70 ataandikwa 77. Hivyo ndivyo mji mzima unavyonenepa usiku mmoja bila mtu kula.

Halafu kuna mavazi. Mama wa Makiso hapandi mizani peke yake. Anapanda na kitenge cha chini, kitenge cha juu, simu mbili, funguo za duka, na faranga zilizofungwa kwenye ncha ya kitenge. Mwombe kwa adabu: "Mama, tuweke simu hapa mezani kidogo." Atakujibu: "Mwanangu, wa mwaka jana naye alisema hivyohivyo." Mwache apande nazo. Ukifika kwenye urefu, utakutana na kilemba na chini yake misuko, na hapo ndipo sayansi inapoinama. Mama wa kilo 82 na urefu wa mita 1.64 anapata 30.5, yaani unene wa kupindukia. Mpime na kilemba chake, sentimita 6 juu ya utosi, anakuwa mita 1.70, na hesabu inashuka hadi 28.4. Amepona. Sijaona dawa ya bei nafuu kuliko hiyo.

Usishangae lakini asipofurahi. Vitabu utakavyosoma vimeandikwa kwa nchi ambako mtu akiulizwa uzito wake anapunguza kilo tatu kwa aibu. Hapa hali si hiyo. "Umenenepa!" ni salamu ya heri, ina maana nyumbani kuna amani na sufuria inachemka. Miaka ya UKIMWI ilituachia woga wa kukonda, na mtu aliyekonda hata leo anafuatwa na minong'ono hadi mlangoni kwake. Kwa hiyo papa aliyeshuka kwenye mizani na kuambiwa kilo 58 atakutazama, ataitazama mizani, kisha atakuambia imeharibika. Mwandike 60. Amani ya mtaa nayo ni data.

Chakula kiulizie kwa swali la kawaida: jana ulikula nini? Jibu la Makiso ni "kidogo". Ukimbana, atakutajia lituma, sombe, na kipande cha makayabu. Kiasi gani? Hapo umekwama, kwa kuwa sinia lilikuwa moja, mikono saba, na hakuna anayehesabu matonge isipokuwa wifi. Usijione mnyonge: mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha habari za watu wanene waliodai hawapungui hata wakijinyima. Walipopimwa kwa njia ya maji yenye atomi zilizotiwa alama, ikaonekana walikuwa wameficha karibu nusu ya chakula chao, asilimia 47, na mazoezi wameyaongeza kwa asilimia 51. Hao walikuwa na sahani zao binafsi.

Tabia za kutembea na kukaa ndizo Kisangani inapoushinda ulimwengu, kwa sababu tuna toleka, baiskeli za kubeba abiria. Pikipiki zimezipunguza, sawa, ila zilizobaki zinatosha kwa memwari. Kwenye baiskeli moja unapata watu wawili: wa mbele anakanyaga pedali tangu alfajiri, wa nyuma amekalia kigodoro akipiga simu. Ukitaka kipimo cha haraka, mizani huihitaji hata kidogo: mwenye toleka haangalii uso wa abiria, anaangalia nyonga, anaminya tairi la nyuma kwa kidole gumba, kisha anataja nauli: "Mama, kwako hapo ni bei ya wawili." Pima wote wawili wanaposhuka. Wa mbele mwembamba, wa nyuma ana tumbo. Kazi imekwisha, kukanyaga kunakondesha, leta cheti.

Bahati mbaya London walitutangulia. Daktari Jerry Morris aliwalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa, wanaokaa, na makondakta wao, wanaopanda na kushuka ngazi siku nzima. Mwaka 1953 akachapisha kwamba madereva wanaugua moyo zaidi. Ushindi mtupu. Kisha yeye na wenzake wakaenda kusoma saizi za viuno kwenye orodha za sare, na mwaka 1956 wakatoa habari ya kuudhi: suruali za madereva zilikuwa pana zaidi hata kwa vijana. Ilielekea watu wa aina ileile walikuwa wakijichagulia usukani tangu mwanzo.

Mtazame basi tena mtu wa toleka. Nani mwenye kilo 100 anakwenda kuomba kazi ya kukanyaga pedali? Na abiria naye: amenenepa kwa kupanda toleka, anapanda toleka kwa kuwa amenenepa, au ni zile faranga zake zinazolipa nauli na kitoweo kwa pamoja? Swali hili lisionekane kwenye kurasa zako. Likiibuka siku ya kutetea, sema liko nje ya mipaka ya utafiti, kisha kunywa maji polepole. Wala usiwataje Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania: mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha kwamba watu hawa, wanaowinda na kuchimba mizizi, wanatumia nguvu kwa siku karibu sawa na Wazungu wa maofisini, mradi ulinganishe miili ya ukubwa mmoja. Mwenye toleka asisikie.

Kwa sifa ya kitabia isiyo na gharama, nenda kanisani ukakae benchi la nyuma, uhesabu nani anatikisa mguu wakati wa mahubiri. Ndiyo, ni sayansi. Mwaka 1999 James Levine na wenzake waliwalisha watu 16 ziada ya kalori 1,000 kila siku kwa wiki nane. Mmoja akaongeza mafuta chini ya nusu kilo, mwingine zaidi ya kilo nne, na tofauti ilitokana zaidi na zile harakati ndogondogo za mtu asiyetulia. Padre akikuuliza unaandika nini, sema ni muhtasari wa mahubiri.

Urithi uruke. Wanasayansi walioutaka walikwenda Denmark, na mwaka 1986 wakaonyesha kwa watu 540 waliolelewa na wasio wazazi wao kwamba umbo linafuata waliozaa, si waliolea. Hapa mtoto analelewa na shangazi: damu ileile, sufuria ileile, na fimbo ileile. Utatenganisha nini?

Kilichobaki ni kiuno, na kiuno usikitafutie hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema hatari inaongezeka sana mwanamume akizidi sentimita 102 na mwanamke 88, na mtu anayezijua namba hizi kwa nusu ya Makiso amekaa nyuma ya cherehani karibu na soko. Daftari lake limechakaa pembeni, limepangwa kwa majina, na kila sikukuu mama yuleyule ameongezewa mstari mpya: kifua, kiuno, nyonga. Hiyo ni miaka ya kufuatilia watu walewale, na viuno kama vile ambavyo Morris alivipata kwenye orodha za suruali. Mwombe akuonyeshe, uone. "Siri ya wateja," atasema, na atalikalia daftari. Hatalifungua kwa karatasi ya chuo wala kwa muhuri. Nenda na kitambaa, agiza shati, lipa nusu mbele. Atasimama, atakuzungushia mita yake, atasubiri, kisha atakuambia: "Papa, pumua. Acha kuvuta tumbo." Hilo liandike kwenye sura ya mbinu.