Kijana wa Steshenari Ndiye Mfumo

Nchi yetu, tunaambiwa, imeingia zama za kidijitali. Mimi nimeiona ikiingia. Iliingia steshenari moja pale Tabata, ikaketi kwenye benchi la mbao, ikashika bahasha ya kaki mkononi na kuuliza nani wa mwisho kwenye foleni.

Huduma ambazo zamani zilikuwa na dirisha, karani na mhuri, leo zinapatikana "mtandaoni, popote ulipo". Nami popote nilipo huishia kuwa hapo, kwa kijana mwenye kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, mashine ya laminesheni na friji ya soda. Mkopo wa chuo, maombi ya ajira, cheti cha kuzaliwa, leseni ya biashara, vyote vinapita mikononi mwake. Mawaziri hubadilika, tovuti hubadilishwa rangi, yeye yupo. Siku akiugua malaria, kata nzima inarudi zama za mawe.

Na mtu asije akasema tatizo ni watu wetu kutojua teknolojia. Mama anayeuza vitumbua mtaani kwetu hupokea na kutuma pesa kwa kitochi, mkono mmoja kwenye simu, mwingine kwenye kikaango, na hajawahi kuunguza hata kimoja. Safaricom walizindua M-Pesa Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania, na sikumbuki mama huyo akipelekwa semina elekezi. Unapiga nyota, namba, reli, menyu inakuja. Haihitaji bando, haina picha ya mzungu anayecheka mbele ya kompyuta, na ukichelewa kujibu inakushusha njiani bila kukuaga. Lakini ina adabu moja kubwa: inauliza kitu kimoja, inangoja ujibu, ndipo inauliza kingine. Na penye ugumu pana wakala, binadamu kamili mwenye mwavuli na kiti cha plastiki.

Tovuti hazina adabu hiyo. Chukua tarehe ya kuzaliwa, jambo ambalo hata mlevi analikumbuka.

Nimezaliwa 1971. Tovuti moja, ambayo siitaji kwa kuwa maombi yangu bado yamo ndani yake, haikutaka niandike mwaka huo kwa mkono wangu. Ilinifungulia kalenda iliyosimama kwenye mwezi tulio nao, ikaweka na mshale mdogo wa kurudi nyuma, mwezi mmoja kwa kila mguso. Kutoka leo hadi 1971 ni zaidi ya miezi mia sita. Nikafunga safari. Nikaimaliza awamu ya sita, nikaingia ya tano, nikaivuka kwa heshima. Awamu ya nne ikanichukua muda, maana ni miaka kumi kamili. Kwa Mkapa kidole kikaanza kufa ganzi. Nilipoingia kwa Mzee Ruksa mambo yakalegea kidogo, nikaanza kuiona kwa mbali 1985, Mwalimu akijiandaa kung'atuka, nami nikajua nyumbani si mbali. Hapo bando likakata. Ukurasa ukajifungua upya: mwezi huu, awamu ya sita, karibu tena.

Kijana alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni. "Mzee, gusa pale juu kwenye mwaka."

Pale juu palikuwa na maandishi ya kijivu, hayana mstari, hayana kishale, hayana dalili yoyote kwamba yanaguswa. Nikayagusa. Miaka yote ikamwagika, kuanzia wa leo hadi wa babu yangu.

"Umejuaje?"

"Wateja wangu wengi wamezaliwa kipindi cha Mwalimu, mzee. Nilirudi nao mwezi mwezi mpaka siku moja panya wa kompyuta akateleza."

Ndivyo elimu ya kidijitali inavyopatikana nchini: kwa kuteleza kwa panya.

Yupo Mmarekani mmoja, Don Norman, ambaye mwaka 1988 alitoa kitabu kuhusu vitu vya kila siku: milango, mabomba, majiko, swichi za taa. Hoja yake ni kwamba mtu akishindwa kufungua mlango, lawama aibebe aliyeubuni mlango. Huko kwao mlango unaomdanganya mtu umekwishapewa jina la huyo Norman. Angetembelea maofisi yetu ya mjini angepata kitabu cha pili. Kuna mlango mmoja ninaoufahamu, una mshikio mrefu unaokusihi uvute, na juu yake pamebandikwa karatasi ya A4: SUKUMA. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu: VUTA KIDOGO KWANZA. Kwenye swichi za ndani: HII NI YA AC, TAA IPO KORIDO. Kwenye mashine ya kopi: KIJANI USIGUSE, MUITE REHANI — na huyo Rehani, nasikia, alishahamishwa. Kila A4 iliyobandikwa ukutani ni ushahidi kwamba kuna mtumishi aliyechoka kuulizwa.

Tovuti haina ukuta wa kubandika A4. Kwa hiyo A4 imeota miguu, imevaa jezi ya Simba, na inatoza buku mbili kwa fomu.

Tuje kwenye namba. Kitambulisho cha taifa kina tarakimu 20, na waliokibuni walikuwa na huruma: wamezigawa kwa vistari, nane kwanza ambazo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kisha tano, tano nyingine, na mbili za mwisho. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba kichwa cha binadamu kinashika kwa mara moja vitu saba hivi, kikizidisha au kupunguza viwili. Sisi tusiomsoma Miller tunalijua hilo kwa njia ya LUKU. Umeme ukikata usiku, mtoto anashika simu na kusoma nne nne, baba anasimama kwenye mita anabonyeza, mama anamulika tochi na kukumbusha kwamba alisema tangu mchana units zinaisha. Tarakimu 20 zinaingia vizuri, kwa sababu zimekatwakatwa.

Sasa nenda na kitambulisho chako kwenye tovuti. Andika namba kama ilivyochapwa, vistari na vyote. Maandishi mekundu: "Taarifa si sahihi." Taarifa ipi? Haisemi. Unakagua jina, unakagua simu, unaanza kumshuku hata marehemu baba kwa tarehe aliyoiandikisha. Kumbe vistari. Serikali imeviweka kwenye kadi, tovuti inavikataa, na kompyuta inayoweza kukokotoa mzunguko wa sayari inashindwa kuvifuta yenyewe vistari vitatu.

Rafiki yangu wa Unguja ana kisa kibaya zaidi. Alipewa jina la babu yake, jambo la kawaida kabisa kwao na kwetu, kwa hiyo jina lake la kwanza na la tatu ni moja. Fomu ikamwambia majina hayawezi kufanana. Akapiga simu ya huduma kwa wateja, akabonyeza moja kwa Kiswahili, akabonyeza tatu, akabonyeza tisa kurudia, hatimaye akampata dada mwenye sauti ya upole aliyemshauri aweke nukta mbele ya jina la babu. Leo kuna mfumo mmoja duniani unaoamini kwamba babu yule, Mungu amrehemu, alizaliwa na nukta.

Vidole navyo. Mwaka 2019 tuliamriwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na ukomo ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Shangazi yangu alikuja kutoka Muheza kwa kazi hiyo tu. Mikono yake imekuna nazi, imelima mihogo na kufua mashuka tangu enzi za Mwingereza. Akaweka dole gumba. Mashine ikasema haioni kitu. Akafuta kwa kanga, akaweka tena. Hakuna. Kidole cha shahada, hakuna. Shangazi akakiangalia kile kimashine, akamwangalia wakala.

"Mwanangu, hebu kiulize hicho kidude chako, huyu anayeongea na wewe ni nani?"

Wakala, ambaye alikuwa ameonana na mafundi saruji siku nzima, hakubishana. Akampa mafuta kidogo apake, angoje, afute. Kidole baada ya kidole, hadi mashine ikalia kwa furaha kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Yaani kile ambacho hakijawahi kufanya kazi yoyote ndicho kilichokubalika kuwa shangazi.

Kisha kuna mtihani wa kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Ulinzi wa aina hii uliendelezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kundi lililokuwa na kijana wa Guatemala aitwaye Luis von Ahn. Baadaye likaja toleo la reCAPTCHA, lililowafanya watu wasome maneno ya vitabu vya zamani yaliyoshinda kompyuta. Google wakalinunua 2009. Kwa maneno mengine, dunia nzima ilipigishwa kibarua bila posho, na ikaambiwa ishukuru kwa kuruhusiwa kupita.

Siku hizi ni picha. "Chagua picha zote zenye bomba la zimamoto." Mtaani kwetu moto ukiwaka huja watu na ndoo. Ilibidi kijana anieleze: "Yale mafupi ya barabarani, mzee, kama mtungi wa gesi." Nikafaulu mabomba, nikaletewa pikipiki. Pikipiki! Mimi, ambaye kila asubuhi navuka Barabara ya Mandela nikiokolewa na dua za marehemu mama, niulizwe kama naitambua pikipiki. Nikazichagua zote. Mashine ikakataa: kwenye kona ya kisanduku kimoja kulikuwa na kipande cha kioo cha pembeni, nacho kwa hesabu zake ni pikipiki. Bodaboda wa kwetu hata hawavifungi vioo hivyo.

Ukifaulu, unadaiwa neno la siri: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama, na lisifanane na la zamani. Kanuni hii kwa sehemu kubwa ilitokana na mwongozo wa mwaka 2003 wa mtumishi mmoja wa taasisi ya viwango ya Marekani, Bill Burr. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, alikiri hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyaandika mle, na taasisi yenyewe mwaka huohuo ikaacha kuhimiza mtindo wa kubadilisha neno la siri kila baada ya muda. Habari hiyo bado haijafika Tabata. Kwa hiyo maneno ya siri ya kata nzima yamo ndani ya daftari la kaunta la kijana wa steshenari, yamepangwa kwa majina, na karibu yote yanaanza na jina la Mungu na kuishia na 123. Barua pepe zetu alizifungua yeye. Namba ya simu ya kurejesha akaunti ni yake. Jirani yangu alijua kwamba binti yake amepata mkopo wa chuo pale kijana alipompigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, binti mwenyewe akiwa bado amelala.

Nimemuuliza kama haogopi kubeba siri za watu wote hao. Akasema anachoogopa ni wateja kuja baada ya saa kumi na mbili, wakati mtandao unakuwa mzito.

Simtamani yule karani wa zamani. Nilipoteza nusu ya ujana wangu mbele ya dirisha lake, nikiambiwa mwenye ufunguo wa kabati la mihuri ameenda msibani. Lakini karani alikuwa na jambo moja: ukimwambia babu ana jina moja na mjukuu, alielewa, maana na yeye alikuwa na babu.

Kwa hiyo nina neno na ninyi mnaounda mifumo hii, mlioko kwenye majengo ya vioo yenye kiyoyozi na intaneti isiyokatika. Mtaalamu wa Denmark, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano tu, ukiwakalisha mbele ya tovuti na kuwatazama, wanatosha kukufichulia sehemu kubwa ya kasoro zake. Watano si wengi. Mchukueni fundi saruji, muuza vitumbua, mstaafu, Mzanzibari aliyerithi jina la babu, na kama nauli ipo, shangazi yangu wa Muheza. Wapeni soda, wakalisheni, halafu nyamazeni. Msiwaelekeze. Na kabla ya hapo, leo hii ikiwezekana, tuachieni mwaka wa kuzaliwa tuuandike wenyewe.