Hotuba juu ya Uteuzi wa Maganda ya Marisau

Hadhirina watukufu, wazee wa Kitengela, na ninyi mliofunga safari kutoka Isinya na Kajiado kwa matatu ili mpate ilimu pasipo ada: nimesimama mbele yenu, nyuma ya bucha hili lenye moshi wa baraka, kwa kuwa katika kaunti nzima hapana mtu mwingine, aliye hai au aliyekwisha kuwa marehemu, aliyelitazama ganda tupu la bunduki ya marisau kwa jicho la tahakiki kama nilivyolitazama mimi. Wengine hulipiga teke. Mimi huinama nikaliokota, nikalipangusa vumbi, nikalinusa, kisha nikalitolea hukumu kama linafaa kushindiliwa upya au halifai.

Hukumu ya kwanza ni ya upana. Ganda la kumi na mbili halikuitwa hivyo kwa sababu ya mwaka wake, kama alivyodhani kijana mmoja wa bodaboda, bali kwa kuwa zamani ratili moja ya madini ya risasi iligawanywa vidonge kumi na viwili vya mviringo, na kimoja chake kikaenea barabara katika mtutu, ambao upana wake ni milimita 18.5 hivi. La ishirini ni jembamba zaidi, na desturi ya viwanda ni kulitia rangi ya manjano, ili mpigaji mwenye pupa asije akalitumbukiza katika bunduki ya kumi na mbili, likateleza likakwama ndani, akafuatisha jingine nyuma yake, mtutu ukampasukia usoni. Basi mtu achanganyaye manjano na mengineyo katika mfuko mmoja nimemhukumu kuwa adui wa nafsi yake, wala hapana rufaa.

Ya pili ni asili ya ganda. Yako ya karatasi, yaliyopendwa na mabwana wa zamani waliokuja mbuga hizi kupiga kanga na kwale, nayo hunywa unyevu yakavimba. Na yako ya plastiki, ambayo kampuni ya Remington ya Marekani iliyaleta sokoni mwaka 1960, nayo hayajali mvua, walakini yakiachwa miaka juani hukauka yakawa mepesi kuvunjika. Wala msihadaike na kitako king'aacho! Chukueni sumaku: kikinaswa, ni chuma kilichovikwa shaba, na tabaka hilo ni jembamba kuliko haya ya dalali wa viwanja.

Kisha kinywa. Ganda lililofungwa kwa mikunjo sita hufungwa tena kwa sita, na la minane kwa minane. Na ufa ukionekana penye mikunjo, hilo limekwisha. Ndani kabisa, juu ya kitako, mna kisahani, ambacho katika aina fulani kimeumbwa pamoja na ganda, na katika nyingine kimetiwa mbali. Hiki cha pili kikilegea chaweza kutoka na marisau, kikabaki mtutuni kumngoja mpigaji. Mimi hukichokoa kwa kijiti cha mswaki. Na kwa kuwa nafasi ya ndani hutafautiana, kipimo cha baruti kilicho salama katika ganda moja chaweza kuwa msiba katika jingine, ndiyo maana wenye fani hii huko Marekani na Uingereza hufuata vitabu vya watengenezaji wa baruti neno kwa neno, ganda kwa ganda. Vitabu hivyo mimi sina, ila majalada yake nimeyaona.

Mzee wangu pale penye kigoda anauliza bunduki yangu iko wapi. Swali la watu wa haraka! Bunduki sina. Cheti sina, na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haimwachii mtu kuwa na bunduki wala risasi pasipo cheti. Baruti nayo ina sheria yake, Sura ya 115, ambayo haikutungwa ili mtu akoroge mambo jikoni kando ya jiko la makaa. Hata cha kuwinda sina, kwani uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaharimisha uwindaji wa starehe. Lakini ni mnajimu gani aliyepata kudaiwa hati ya kumiliki nyota?

Naam, namwona mzee anaingiza mkono ndani ya shuka, anatoa ganda jekundu lenye kizibo cha mti. Lete, mzee wangu. La kumi na mbili, mikunjo minane, kitako hakinaswi na sumaku, kinywa hakina ufa. Limejaa ugoro! Anasema alijaribu la ishirini, kidole hakikuingia. Hadhirina, mmeshuhudia: kwa njia ya pua, mzee huyu amewasili pale pale nilipowasili mimi kwa njia ya tahakiki.

Basi maganda matupu mtakayoyaokota nileteeni, niyatie katika katoni langu kwa mpangilio. Mkikuta risasi nzima, isiguswe wala isitiwe mfukoni, mkawaarifu polisi. Na ile kilo moja ya mbavu aliyoiagiza mhadhiri italipwa na hadhirina.