Jinsi ya Kunyoa kwa Wembe wa Kukunja Bila Kunyoa Sana

Mashine ya umeme inamnyoa kila mtu. Wewe si kila mtu, ndiyo maana uko Bukoba. Unataka wembe wa kukunja, ule wenye mpini, ambao wazee waliufungua kwa kidole kimoja. Vizuri, waitu. Sogea nikunong'oneze, maana njia ndefu ipo, na sisi hatuipiti.

1. Tafuta wembe wenye ukoo. Ukikuta umeandikwa Solingen, umebahatika: huo ni mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani hapa Bukoba mwaka 1890; yaliyobaki wasikilizaji watayajaza wenyewe. Wewe sema tu, "Huu wa babu," kisha tazama ziwani. Ukiukosa, nunua kile kishikio cha vinyozi cha kuingizia nusu wembe. Kwa mbali hakuna anayetofautisha, na hakuna anayemsogelea mtu mwenye wembe mkononi.

2. Jiteue fundi. Akiuliza mtu ulijifunzia wapi, mwambie chuma kimo damuni. Hapo hudanganyi sana. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa Buhaya walikuwa wakiyeyusha chuma cha pua miaka 1500 hadi 2000 iliyopita, kwa tanuri za udongo, mivukuto, na matete ya kinamasi yaliyochomwa. Mabaki ya tanuri hizo yalichimbuliwa Kemondo. Tanuri zile zimefikaje shavuni kwako? Hawatauliza. Nshomile, msomi wa Kihaya, haulizwi swali la pili.

3. Noa hadharani. Wembe hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukigeuza, unachana mkanda. Mkanda wa suruali unafaa, mradi ni ngozi kweli. Fanya hivyo barazani, Jumapili asubuhi, watu wakielekea kanisani. Nusu wembe hauhitaji kunolewa kabisa. Noa hivyo hivyo.

4. Tia maji. Wahenga walikuambia uzitie, hawakutaja dakika. Taja wewe: tatu, maji ya moto, na kitambaa usoni. Ndevu zikilowa hulainika, na nusu ya kazi imekwisha. Povu la sabuni lizidishe. Linateleza, na linaficha mkono unaotetemeka.

5. Nyoa mashavu tu. Siri yote iko hapa. Mkono mmoja uvute ngozi, mwingine ulaze wembe kwa nyuzi kama 30, ushuke taratibu kufuata zinakoelekea ndevu, bila kukandamiza. Shavu ni tambarare, hata mwoga hupita. Ukifika kidevuni na juu ya mdomo, kona zinaanza kama barabara ya kupanda Kamachumu. Simama. Futa povu. Ulichoogopa kukinyoa kinaitwa O, na wenzako wanakilipia saluni.

Wala usijipendekeze kurudia kinyume cha ndevu. Ndevu zetu hujikunja. Zikikatwa karibu mno, ncha inapinda na kuingia tena ndani ya ngozi, shingo ikajaa vipele. Kwa hiyo uvivu wako, kwa mara ya kwanza, ni ushauri mzuri wa afya.

6. Damu ikitoka, usipige kelele. Lowesha kipande cha shabu, gusisha, itakata. Gongo usipake, harufu yake italeta maswali makubwa kuliko jeraha. Ukiulizwa, tawi la mbuni limekukwaruza shambani. Kama huna shamba, la shemeji.

Jambo moja nje ya utani: wembe wako usimwazime mtu. Mkoa huu ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Uso mmoja, wembe mmoja mpya. Hapo tu sikufundishi kukwepa.

7. Kausha, paka mafuta, funga. Mvua ya Bukoba haina huruma na chuma. Ukisahau, wembe ukashika kutu, usihuzunike: sasa unafanana na wa babu kweli.

8. Mwisho, tafuta kinyozi mwenye mkono mtulivu, mtaa usiojulikana sana. Wewe unakaa Hamugembe? Nenda Kashai. Ijumaa jioni, kofia kichwani. Mlipe, na uongeze kidogo asahau sura yako. Wakikusifu kesho yake, pitisha kiganja shavuni polepole, useme, "Ni mazoea tu."

Kijana akiomba umfundishe, mwahidi Jumamosi. Jumamosi panda gari la Muleba, kuna msiba. Akikufuata mpaka huko, mkabidhi mkanda, mwambie hakuna kugusa uso kabla ya mwezi mzima wa kunoa.