Barua ya Wazi kwa Mamlaka Inayouliza Ilichokwisha Kuambiwa

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA),
Nairobi.

KUH: SHUKRANI ZA WALIPA USHURU KWA MASWALI WANAYOULIZWA KILA MWAKA

Mheshimiwa Kamishna Mkuu,

Wafanyakazi wa mshahara nchini Kenya, pamoja na wasio na kazi lakini wenye nambari ya utambulisho ya mlipa ushuru, yaani PIN, wanaitolea Mamlaka salamu za heshima na kuipongeza kwa bidii yake ya kuwauliza, kila mwaka kati ya Januari mosi na Juni 30, maswali ambayo majibu yake imekuwa nayo tangu mwaka uliotangulia. Si kila taasisi ya umma ingekuwa na moyo huo. Taasisi nyingi zikishapewa taarifa huihifadhi na kuitumia. Mamlaka hii, kwa unyenyekevu unaostahili kuigwa, huihifadhi, kisha humwita mwenyewe aje aisimulie upya, na akichelewa kuisimulia humtoza faini.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajawahi kuajiriwa, utaratibu wenyewe unafaa kuelezwa. Ushuru wa mshahara hukatwa na mwajiri kabla mshahara haujamfikia mfanyakazi, kwa mpango unaojulikana kama PAYE, na mwajiri hutakiwa kuuwasilisha kwa Mamlaka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, pamoja na orodha inayoonyesha PIN ya kila mfanyakazi, mshahara wake, makato yake na ushuru aliokatwa. Mwaka unapokwisha kufungwa, Mamlaka huwa imepokea orodha kumi na mbili za namna hiyo. Baadaye mwajiri humpa mfanyakazi karatasi iitwayo P9, ambayo ni muhtasari wa miezi hiyo kumi na miwili, naye mfanyakazi huingia katika mfumo wa mtandaoni wa iTax, akanakili au kuthibitisha tarakimu zile zile katika taarifa ya mapato ya mwaka, ambayo watu wengi huiita ritani, na kuzipeleka kwa Mamlaka ile ile iliyokuwa nazo. Hivyo basi tarakimu moja husafirishwa mara mbili hadi mlango mmoja, mara ya kwanza na mhasibu wa mwajiri anayelipwa kufanya kazi hiyo na mara ya pili na mfanyakazi asiyelipwa, na ni safari ya pili tu ndiyo inayohesabiwa kuwa uzalendo wa raia.

Uzalendo huo hupimwa mlangoni. Ukurasa wa kuingilia iTax, mbali na kudai PIN na nywila, humtaka mlipa ushuru atatue swali la hesabu, kwa mfano ajumlishe 41 na 7, ili ithibitike kwamba anayeingia ni binadamu wala si programu ya kompyuta. Hekima ya kipimo hiki haijathaminiwa ipasavyo, kwa kuwa katika viumbe vyote duniani programu ya kompyuta ndiyo isiyowahi kushindwa kujumlisha 41 na 7, ilhali binadamu aliyetoka kazini jioni, akapanda matatu mbili na kuketi mbele ya mtandao unaosuasua, ndiye anayeweza kuandika 47, akafukuzwa, akarudi na kupewa hesabu nyingine. Wasomi wa elimu ya watu wazima wanaweza kukiona kitendo hicho kuwa maandalizi, maana ndani ya fomu hesabu huwa ngumu zaidi, na haifai mtu kuzikabili kabla ya kunyoosha akili kidogo.

Aliye na mapato mengine nje ya mshahara hupewa heshima kubwa zaidi. Huyo hupakua fomu ambayo ni jedwali la Excel lenye makro, yaani amri ndogo zilizofichwa ndani ya jedwali ili lijikague na kujihesabia. Hutakiwa kuziruhusu amri hizo zifanye kazi, kujaza kurasa zake moja baada ya nyingine, kubonyeza kitufe cha ukaguzi hadi jedwali likubali, kisha kulipandisha mtandaoni likiwa limefungashwa katika faili ndogo. Kazi hiyo inahitaji kompyuta, na inafanyika katika nchi ambayo tangu mwaka 2007 imejulikana kote duniani kwa M-Pesa, huduma iliyomwezesha mama mboga kutuma na kupokea fedha kwa simu ya vibonyezo isiyo na intaneti. Serikali inayopokea malipo kwa simu ya aina hiyo bila kusita inapotaka maelezo ya malipo yenyewe huhitaji jedwali lenye makro, na tofauti hiyo inawafundisha wananchi kwamba fedha zao ni nyepesi kuliko maneno yao.

Swali moja hurudi kila Juni, nalo ni la mtu ambaye mwajiri amemkata ushuru miezi yote kumi na miwili, lakini mwishoni mwa fomu anakuta hesabu haikulingana. Sababu za kawaida zinajulikana. Pengine ameandika mshahara wote mahali pa kipato kinachotozwa ushuru, yaani kile kinachobaki baada ya kuondoa mchango wa pensheni na makato mengine yanayoruhusiwa na sheria. Pengine alibadilisha kazi katikati ya mwaka, akanakili P9 moja na kuisahau nyingine. Pengine waajiri wawili walimpa katika mwezi mmoja nafuu ya kibinafsi, ambayo ni punguzo la ushuru la Sh2,400 kwa mwezi analostahili kupewa na mwajiri mmoja tu. Kuuliza si ujinga, na majibu haya yote yangeweza kuandikwa katika ukurasa mmoja kando ya sehemu husika ya fomu. Hata hivyo, yupo mfanyakazi ambaye hakukosea chochote, na hesabu bado inamkataa.

Mfanyakazi huyo ni yule ambaye kipato chake kinachotozwa ushuru ni Sh50,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mwezi, hutozwa asilimia 10 ya Sh24,000 za kwanza, asilimia 25 ya Sh8,333 zinazofuata na asilimia 30 ya Sh17,667 zinazobaki, jumla Sh9,783.35, ikiondolewa nafuu ya Sh2,400, ushuru wake ni Sh7,383.35 kila mwezi, na kwa mwaka mzima Sh88,600.20. Ritani ya mwaka, kwa upande wake, hutumia viwango vya mwaka, ambavyo ni Sh288,000 za kwanza, Sh100,000 zinazofuata na kuendelea, na jibu lake ni Sh88,600 kamili. Kwa hiyo mfanyakazi ameilipa serikali senti 20 za ziada, zilizozaliwa na theluthi ya shilingi iliyodondoka pale 100,000 ilipogawanywa kwa 12, naye ana haki ya kuomba arejeshewe. Mhasibu wa mwajiri akiamua kuacha senti na kukata Sh7,383 kwa mwezi, mambo hugeuka: makato ya mwaka huwa Sh88,596, na raia ambaye hakuwahi kuushika ushuru wake mkononi hujikuta anadaiwa na taifa Sh4. Deni hilo hulipwa kwa utaratibu ule ule wa deni la mamilioni, kwa hati ya malipo yenye nambari yake maalumu, na hakuna anayeweza kudai kwamba Mamlaka huwabagua wadaiwa wadogo.

Hata hivyo, fahari kuu ya mfumo mzima ni ritani ya sifuri, ambayo ni taarifa inayowasilishwa na mtu asiye na kipato chochote ili kueleza kwamba hana kipato chochote. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu serikalini hutakiwa kuwa na PIN, na akiipata huingia papo hapo katika jamii ya watu wenye wajibu wa kutoa taarifa, ingawa cha kutaarifu hana. Asipoikiri sifuri yake kufikia saa sita usiku wa Juni 30, sheria humtoza faini ya asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa au Sh2,000, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Na kwa kuwa asilimia 5 ya sifuri ni sifuri, Sh2,000 hushinda kila mara. Wataalamu wa fedha za umma wamehangaika kwa karne nyingi kutafuta namna ya kumtoza ushuru mtu asiye na kitu, na inafaa Kenya itambuliwe kuwa miongoni mwa waliofaulu.

Karibu na kijana huyo anasimama mfanyakazi wa Sh20,000 kwa mwezi. Sheria yenyewe imemwonea huruma, maana asilimia 10 ya Sh24,000 ni Sh2,400, kiasi kile kile cha nafuu ya kibinafsi, na kwa hiyo anayepata Sh24,000 au chini ya hapo halipi ushuru wa mapato hata shilingi moja. Anachodaiwa ni maelezo tu, na asipoyatoa kwa wakati huondokewa na sehemu ya kumi ya mshahara wa mwezi. Kwa maneno mengine, mtu ambaye Bunge limeona ni maskini mno asitozwe kwa kufanya kazi anaweza kutozwa kwa kukawia kujaza fomu.

Kuhusu lugha, Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 7 inaitaja lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuitaja pia, sambamba na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Mamlaka imeutekeleza uamuzi huo kwa kugawa majukumu: wito wa kulipa umeandikwa kwa Kiswahili, "Tulipe Ushuru, Tujitegemee", na fomu za kutekelezea wito huo katika iTax zimeandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Yeyote anayedhani kwamba Kiswahili kimepunjwa katika mgawo huo hajausoma wito wenyewe hadi mwisho, kwa sababu sehemu yake ya pili imetimizwa kikamilifu, na mlipa ushuru akishapita ukurasa wa kuingilia hujitegemea kuliko alivyowahi kujitegemea maishani.

Anayeshindwa kujitegemea huenda saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, ambalo kila Juni hutundika mlangoni bango la kujaza ritani na kupata foleni inayofika barabarani. Mamlaka ina ofisi zake, ina dawati katika vituo vya Huduma na ina simu ya kuulizia, lakini mhudumu wa saiba ana sifa ambayo hakuna ofisi iliyoiweza: yuko jirani, anazungumza lugha ya mteja wake na hashangazwi na swali lolote. Mteja humpa P9, PIN na nywila, ambayo huandikwa katika daftari la kaunta chini ya nywila za waliotangulia, na katika muda mfupi hupewa karatasi iliyochapishwa ya kuthibitisha kwamba ritani imepokelewa. Foleni inapokuwa ndefu na P9 haieleweki, mhudumu asiye mwangalifu huchagua njia ya mkato na kumjazia mwajiriwa ritani ya sifuri, na mteja huondoka akiwa na furaha, pasipo kujua kwamba ameiambia serikali, kwa jina lake mwenyewe, kuwa mwaka mzima hakupata hata senti, wakati orodha kumi na mbili za mwajiri wake zinasema vingine. Kwa kuzingatia kwamba wahudumu hawa ndio wanaoyajibu maswali ya walipa ushuru wengi bila kulipwa na Mamlaka, pendekezo la kuwapa cheo cha makamishna wasaidizi wa mtaa linawasilishwa hapa kwa uzito wote unaostahili.

Ipo pia mifano ya nchi zilizokosa bahati hii. Nchini Tanzania, mfanyakazi mkazi ambaye kipato chake chote ni mshahara uliokwisha kukatwa kodi na mwajiri hatakiwi kuwasilisha ritani ya mwaka, na kwa hiyo mwalimu wa Namanga upande wa kusini wa mpaka hulala Juni 30 kama siku nyingine yoyote, huku mwenzake wa upande wa kaskazini akisubiri ukurasa ufunguke. Nchini Denmark na Sweden, mamlaka za kodi humtumia mlipa kodi ritani ambayo tayari imejazwa kwa taarifa za mwajiri na za benki, na kazi yake huwa kuisoma na kurekebisha palipokosewa. Wananchi wa nchi hizo wamenyimwa nafasi ya kujumlisha 41 na 7, na haijulikani wanauthibitishaje ubinadamu wao.

Kwa sababu hizo zote, Mamlaka inaombwa jambo moja lililo ndani ya uwezo wake. Kila Januari, ichukue orodha kumi na mbili ilizopokea kutoka kwa mwajiri, izijumlishe, kazi ambayo kompyuta zake zinaiweza bila kuulizwa swali mlangoni, na imtumie mfanyakazi jibu kwa simu, kwa Kiswahili au Kiingereza kadiri atakavyochagua, likieleza alipata kiasi gani, alikatwa kiasi gani na ni nini cha kufanya iwapo tarakimu si sahihi. Mwenye mapato mengine aongeze mapato yake. Asiye nayo akubali na kurudi kazini. Na asiye na kipato kabisa, ambaye hakuna mwajiri aliyemtaja katika mwaka mzima, asitozwe kwa kunyamaza. Msaada wa kujibu maswali ni jambo jema, lakini swali lisilopaswa kuulizwa halihitaji dawati, wala simu, wala mwongozo, wala daftari la kaunta.

Majibu ya Mamlaka yanatarajiwa kufikia Juni 30. Endapo haitakuwa na jibu lolote, inaruhusiwa kuwasilisha jibu la sifuri, mradi ifanye hivyo kwa wakati.

Ni wale wale watiifu,

Walipa Ushuru wa Kenya, wenye kipato na wasio nacho.