Sifa za Rasimu Mbovu

Waswahili tumeshawasifu wote wanaostahili, na wengi wasiostahili. Mnazi una mashairi yake, mwezi una yake, hata mume wa mtu ana taarabu zake. Rasimu mbovu peke yake ndiyo iliyoachwa mlangoni, kandambili mkononi. Leo naikaribisha ndani, ikae kwenye zulia.

Nianze na uzuri wake. Haina. Zuhura wa ukurasa wa pili ameamka Zubeda ukurasa wa nne, na mumewe tuliyemzika asubuhi anaitisha chai jioni. Lakini tazameni baraka iliyomo katika ubaya huo! Shaka, yule mgeni asiyebisha hodi, anayemwinamia mwandishi sikioni na kumuuliza, "Wewe nani hata uandike?", akifika kwa rasimu mbovu hukosa kazi. Aiambie nini? Kwamba ni mbovu? Inajua, ndilo jina lake. Anayoiweza Shaka ni ile kazi inayotaka kuzaliwa ikiwa imeshavaa kanzu na kofia. Hiyo huinyonga tumboni.

Wala rasimu mbovu haichagui malazi. Mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti bila kufikishwa mahakamani, Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi za chooni. Zilikuwa ngumu, za kukwaruza. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kilichoutesa mwili kiliifaa kalamu. Sisi wengine bado tunangoja meza inayotazama bahari.

Haina kinyongo pia. Stephen King alizitupa kurasa za mwanzo za Carrie. Mkewe, Tabitha, akaziokota kwenye pipa la taka na kumhimiza aendelee. Mwaka 1974 ikatoka, riwaya yake ya kwanza kuchapishwa. Kurasa zile hazikununa. Kazi safi ingetaka kwanza iombwe radhi mbele ya wazee. Naye Hemingway alisimulia kwamba ukurasa wa mwisho wa A Farewell to Arms aliuandika upya mara 39 ndipo akaridhika. Wasomi huusifu mwisho uliochapishwa. Ile miisho mingine yote, nani aliipigia vigelegele?

Kuishi nayo si kazi kubwa. Jioni uandike bila kurudi nyuma, kosa lilale lilipolala, na neno likikukimbia uache pengo uendelee. Kesho yake, baada ya chai, mwite Shaka, umpe kiti na kalamu nyekundu. Nimemsema vibaya hapo juu, na sifuti. Ila akija kwa saa yake ni mhariri hodari, tena hadai mshahara. Tabu yake ni kupenda kuhariri karatasi tupu.

Sasa ombi. Tanzania ina Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, nayo, kama tuzo zote, hupokea miswada iliyokwisha kuoga na kujipaka mafuta. Kiongezwe kipengele cha rasimu mbovu. Majaji waruhusiwe kusinzia. Mshindi apande jukwaani kwa shangwe, atusomee kwa sauti ukurasa wake mchafu kuliko zote, nasi tumpigie makofi kwa mkono mmoja, maana wa pili utakuwa umeubana mkoba, rasimu za kwetu zisichungulie.